Mkanda wa kubebea chumvi godauni: tofauti ya bei inanunua nini hasa?

BintiGanda

Assalam aleikum, hamjambo nyote. Natafuta mtu aliyewahi kuitumia mikanda ya kubebea mizigo viwandani, ile inayozungushwa na mota, si anayeiuza.

Sisi ni chama cha ushirika, wengi wetu akina mama, na tuna godauni dogo nje ya Malindi ukishavuka daraja la Sabaki. Tunanunua chumvi ghafi ya bahari kutoka Gongoni na Marereni, tunaiosha, tunaiacha ichuje maji, tunaisaga, tunaitia iodini, kisha tunaifunga kwa pakiti za nusu kilo na za kilo. Mpaka leo kazi yote ni karai na kichwa. Kutoka birika la kuoshea mpaka mdomo wa kinu pana ngazi ya mbao yenye kimo cha mita mbili. Mama anaipanda na karai la chumvi mbichi kichwani, maji makali yanamchuruzika usoni, na huku juu kinu kinanguruma kikimsubiri. Kinu chenyewe kinaweza kusaga tani 2 kwa saa kikilishwa bila kukatizwa. Hakilishwi hivyo hata siku moja, kwa sababu shingo na miguu ya mtu vina mwisho.

Tumeomba bei katika karakana mbili za Mombasa.

Ya kwanza ni shilingi 380,000. Mkanda wa mpira wenye upana wa sentimita 60 na urefu wa mita 6, unapanda mita 2 hadi kwenye kinu, pamoja na mkanda wa pili wa mita 5, tambarare, wa meza ya kufungashia. Fremu ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi, mota ya kupandishia ni kilowati 4.

Ya pili ni 910,000. Vipimo ni vilevile, lakini fremu ni ya stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, mkanda ni mweupe wa aina inayoruhusiwa kugusa chakula, na mota wanasema haipitishi maji.

Wanachama wamegawanyika. Kuna wanaosema tuchukue cha bei nafuu, kikifa tununue kingine. Wengine hawataki kusikia ila stenlesi. Mimi ni katibu, na Jumamosi nitasimama mbele ya watu ambao fedha hizi wameziweka shilingi kwa shilingi. Nikiwaambia tu kwamba kile cha pili ni "kizuri", hawatanielewa, na hawatakuwa na kosa. Nataka kujua hizo 530,000 za juu zinanunua nini.

MtuWaBarani

Dada, chukua wa 380. Chuma ni chuma. Kila mwaka paka rangi upya, mambo yataendelea. Hiyo pesa nyingine ongezeni stoki ya chumvi wakati wa kaskazi bei ikiwa chini.

FundiGongoni

Wa aleikum salaam, binti yangu. Mimi ni fundi wa mitambo, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kwenye mashamba ya chumvi ya barabara hiyo ya Garsen. Mikanda ndiyo iliyosomesha wanangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ni la maana, na kwa sababu naona karakana zote mbili zimekupimia nguo isiyo yako.

Kwanza nimjibu huyu ndugu wa Barani, maana wanachama wenu watasema kama yeye. Ndugu yangu, ushauri wa rangi ungefaa kwenye godauni la mahindi kule bara. Kwa chumvi haufai, na sababu ni hii. Chumvi safi huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukipita kama asilimia 75. Hapa Malindi unyevu huo tunaupata karibu kila usiku. Na chumvi ghafi ya bahari si safi, ina kloridi ya magnesi ndani yake, ambayo hulowa hata unyevu ukiwa kama asilimia 33. Kwa hiyo kila punje iliyobaki kwenye fremu baada ya watu kwenda nyumbani inageuka kuwa tone la maji makali, na tone hilo linakaa pale hadi asubuhi likifanya kazi. Mashine yenu itatumika saa chache kwa siku, lakini italiwa saa zote ishirini na nne.

Rangi nayo haianzi kubanduka pale unapopaona. Huanzia chini ya kichwa cha bolti, kwenye mstari wa kuchomelea, na ndani ya bomba la mraba ambako brashi haifiki. Nimewahi kugonga mguu wa fremu kwa nyundo ndogo, nje rangi ya kijani inang'aa, nyundo ikapita ndani. Kupaka rangi kila mwaka juu ya hapo ni kuficha tu.

Sasa hizo 530,000. Usianzie kwenye fremu, binti yangu. Anzia kwenye rola, yale mabomba yanayozunguka chini ya mkanda na kuubeba.

Kitu cha kwanza kufa kwenye mkanda wa chumvi ni beringi za rola. Maji ya chumvi yanaingia ubavuni, grisi inageuka uji wa kahawia, vigololo vinashika kutu, rola inasimama. Mkanda hausimami, unaendelea kupita juu ya rola iliyokwama, siku baada ya siku, na unalisugua bomba upande mmoja tu. Ukilitoa utaona upande huo umekuwa bapa, bati limekonda hadi limetoboka, na kingo zake zina makali ya kukata kidole. Makali hayo ndiyo yanayopasua mkanda kwa urefu wake. Watu husema mkanda ulikuwa mbovu, kumbe umeuawa na beringi ya bei ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo waulize wote wawili: ndani ya rola mmeweka beringi gani? Rola za kiasi hiki aghalabu huwa na beringi namba 6204, yenye tundu la milimita 20. Hiyo namba peke yake haitoshi. Mwishoni mwa namba pana herufi. Ikiwa ni ZZ, ina vifuniko vya bati pande zote mbili, vinazuia vumbi lakini maji yanapita. Ikiwa ni 2RS, ina sili za mpira pande zote mbili. Kwa chumvi usikubali isipokuwa 2RS, na juu yake rola iwe na kifuniko kingine cha plastiki mwishoni. Na bomba la rola lenyewe liwe la plastiki nzito, si la chuma. Rola za plastiki zipo, hazijui kutu, ni nyepesi, na mama anaweza kuibadilisha mwenyewe kwa spana mbili.

Ukija kwenye stenlesi, neno hilo peke yake kwenye karatasi ya bei halikulindi. Kuna gredi ya 304 na kuna ya 316. Zote mbili zinang'aa sawasawa. Ila 316 imetiwa molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayostahimili kloridi. Ile 304 ukiiweka karibu na bahari, chini ya tabaka la chumvi, inatoboka vishimo vidogo vidogo vyenye midomo ya kahawia. Usidanganyike na mtu anayekupimia kwa sumaku. Sumaku itakuonyesha kama umeuziwa chuma cha kawaida, haitakutofautishia 304 na 316. Taka gredi iandikwe kwenye ankara, na cheti cha chuma kutoka kiwanda kilichokiyeyusha kiambatanishwe. Anayeuza 316 ya kweli hataona taabu kukupa.

Tena, si lazima kila kitu kiwe 316. Sehemu zinazoguswa na chumvi na maji yake, yaani kitanda cha mkanda, mbavu za pembeni, shafti, bolti na nati, hizo ndiyo. Bolti usizidharau: bolti ya chuma cha kawaida kwenye fremu ya stenlesi, ikilowa maji ya chumvi, inaliwa upesi kuliko ingekuwa peke yake. Miguu iliyo mbali na matone inaweza kuwa chuma kilichozamishwa kwenye zinki ya moto, ambacho ni tofauti kabisa na kilichopakwa rangi ya fedha. Mbavu za kuzuia chumvi isimwagike zinaweza kuwa za plastiki nene. Hapo umeshapunguza bei bila kupunguza ubora.

Na sasa pale nilipouma meno niliposoma: mota ya kilowati 4 na mkanda wa sentimita 60.

Hesabu ni ya darasani. Mnataka kuinua kilo 2,000 kwa mita 2 ndani ya saa moja. Zidisha 2,000 kwa 9.81 kwa 2, ugawanye kwa sekunde 3,600. Jibu ni wati 11. Taa ya nyumbani. Zinazobaki ni msuguano wa rola, mkanda wenyewe, ubao wa kukwangua, na nguvu ya kuanzia mkanda ukiwa umejaa. Ukivijumlisha vyote na ukaacha nafasi ya kutosha, mota ya kilowati 0.75, yaani nguvu ya farasi mmoja, inawatosha. Ya kilowati 4 ni ya kubeba mchanga. Itawalazimisha kuvuta stima ya fezi tatu, na siku jiwe likikwama haitasimama, itararua.

Upana ni vilevile. Mkanda ukitembea taratibu, sentimita 20 kwa sekunde, tani 2 kwa saa ni kilo zisizofika 3 kwenye kila mita ya mkanda. Unajua kilo 3 za chumvi zinavyoonekana. Sentimita 40 zinatosha na nafasi inabaki. Mkanda mwembamba maana yake rola fupi, ngoma fupi (yale mapipa ya mwisho ambayo mkanda unayazunguka), fremu nyembamba, stenlesi kidogo. Rudi kwa karakana ya pili uwaambie hivyo, uone bei inavyoshuka. Msipunguze ubora, punguzeni ukubwa.

Jambo la mwisho kwa sasa. Mita 6 za mkanda kupanda mita 2 ni mwinuko wa karibu nyuzi 20. Chumvi iliyotoka majini, juu ya mkanda laini, kwenye mwinuko huo itaanza kurudi nyuma. Ama urefushwe uwe mita 7, mwinuko ushuke karibu na nyuzi 17, ama mkanda uwe na vizuizi vya kukinga chumvi isiteleze. Nafasi ikiwepo, refusha. Vizuizi ni shida kukwangua.

MtuWaBarani

Nimekuelewa, mzee wangu. Mimi nafanya kazi ya mbao. Kwani fremu haiwezi kuwa ya mbao? Maghala ya zamani ya chumvi yalikuwa ya mbao na hayakuoza.

FundiGongoni

Hilo umesema kweli, chumvi huhifadhi mbao, na kwa upande wa chumvi ghafi, kabla ya kuoshwa, mbao ngumu ni fremu nzuri sana. Lakini mkanda wao unaanzia kwenye birika la kuoshea kwenda kwenye kinu, hapo chumvi imeshakuwa chakula. Mbao ina nyufa, nyufa zina uchafu, na mkaguzi hataipitisha. Wakitaka siku moja kushusha magunia kutoka kwenye lori kwa mkanda, hapo nitakuita wewe.

Mwamu_Mokowe

Salaam kutoka Amu. Mimi sijui chumvi, najua katoni na kreti. Huku kwetu mizigo inashuka Mokowe, inavuka kwa mashua, inapokewa gatini, na gari la kuifikisha dukani halipo, kuna punda na mabega. Kwenye ghala letu tumeweka rola za mteremko, hazina mota wala waya. Unaweka kreti upande wa juu, inakwenda yenyewe.

Dada, ule mkanda wa pili wa mita 5 wa kufungashia unahitajika kweli? Ukiuondoa, umeondoa mota moja, giaboksi moja na mkanda mmoja. Sharti la rola ni moja: wakati wowote chini ya mzigo pawe na rola zisizopungua tatu. Kreti yako ikiwa na urefu wa sentimita 60, nafasi ya rola hadi rola isizidi 20. Ukizitandaza mbalimbali ili upate bei, kreti itachomeka pua katikati.

Na pakiti ya chumvi usiiweke moja kwa moja juu ya rola. Ni laini, inazama kati ya rola na haiendi. Itie kwenye kreti ya plastiki yenye kitako kigumu. Mteremko usiununue kwa kukisia, chukua kreti yenu ikiwa imejaa na ikiwa tupu, mwambie fundi ainue upande mmoja mpaka zote mbili zitembee bila ya ile iliyojaa kukimbia. Kreti ya kilo 20 ikikimbia inavunja kidole cha mtu.

Kadzo_Marereni

Mimi ni mvunaji chumvi Marereni, na shangazi yangu anabeba karai katika godauni kama hilo lenu. Nina mawili ya kusema.

La kwanza, huyo anayepanda ngazi leo, mkanda ukija anakwenda wapi? Tumeona mashine zikija na watu wakiambiwa asanteni. BintiGanda, hilo nalo lijibu Jumamosi, kabla ya stenlesi.

La pili, hakuna aliyetaja leso. Wanawake wa huku tunafanya kazi na leso kiunoni, wengine buibui na mtandio. Katika kiwanda kimoja nilichowahi kufanya kazi, ncha ya leso ya mwenzangu iliingia kati ya mkanda na ngoma ya nyuma. Ilimvuta akiwa amesimama, akaangukia ubavu juu ya fremu. Kitufe cha kuzimia kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Aliyemwokoa ni kijana aliyekuwa na kisu cha kukatia magunia. Yuko hai, lakini mkono wake wa kushoto hauinuki juu ya bega. Mnapohesabu bei, na hiyo ihesabiwe.

BintiGanda

Ami FundiGongoni, Mungu akulipe. Nimeyasoma maelezo yako mara kadhaa na nimeyanakili kwenye daftari la chama. Mwamu, ahsante sana, la rola tumelipenda, mkanda wa pili tunauondoa.

Dada Kadzo, pole kwa mwenzako, na ahsante kwa kuuliza. Wabebaji wetu ni wanachama, si vibarua, kwa hiyo hakuna wa kumwambia aende. Mahali panapotukwamisha leo ni kufungasha: chumvi iliyosagwa inalala kwenye mapipa kwa sababu mikono yote iko ngazini. Wanne wa ngazini watahamia kwenye meza na mizani, na malipo yao yatabaki kwa mgao uleule. Nitalitia kwenye kumbukumbu za mkutano ili lisije likageuzwa baadaye.

Ami, nina maswali mengine. Moja, iodini. Sasa tunaipuliza kwa pampu ya mkono juu ya rundo la chumvi iliyosagwa na kuchanganya kwa koleo, na vipimo vya maabara vinarudi vimepishana, pakiti hii imezidi, ile imepungua. Mkanda utasaidia? Mbili, stima hukatika bila taarifa. Mkanda ukiwa umejaa na mwinuko ule, nini kinatokea? Tatu, spea. Mombasa si mbali, lakini kila safari ni siku ya kazi iliyopotea.

FundiGongoni

Binti yangu, nianze na la Kadzo kwa sababu amesema jambo ambalo lilikuwa langu kulisema kwanza.

Pale mkanda unapoingia kwenye ngoma pana mdomo, na mdomo huo haurudishi kitu. Ngoma ya mbele na ya nyuma zizingirwe na kinga ya wavu, iliyofungwa kwa bolti inayotaka spana, si ya kuinua kwa mkono. Chini ya mkanda pia, upande unaorudi, kama mtu anaweza kupitisha mkono. Halafu kamba ya dharura ipite urefu wote wa mkanda, pande zote mbili watu wanapoweza kusimama, ili anayevutwa aishike popote alipo na mota izime. Kitufe chekundu kimoja ukutani hakitoshi, ushahidi mmeusoma hapo juu. Hili si hiari, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zizingirwe. Na mkubaliane wenyewe: karibu na mkanda leso inafungwa ndani ya koti la kazi, mtandio unaingizwa shingoni. Karakana isiyoweka kinga na kamba ndani ya bei yake, bei yake si kamili, usiilinganishe na ya mwenzake.

Iodini. Hapa mkanda utawafaa kuliko mnavyodhani, lakini si mkanda huu wa kupandishia. Mnachohitaji ni chumvi iliyosagwa ipite mahali pamoja, kwa unene uleule, kwa mwendo uleule, na mnyunyizo wa iodeti ya potasiamu, yaani hiyo iodini, uangukie juu yake kwa kiasi kilekile. Ukipuliza rundo, juu inalowa na ndani inabaki kavu, hata mkoroge vipi. Mkanda mfupi wa mita moja na nusu chini ya kinu, wenye ubao wa kusawazisha chumvi iwe tabaka moja, na mdomo wa kunyunyizia juu yake, kisha chumvi iangukie kwenye skrubu ya kuchanganyia, yaani parafujo kubwa inayozunguka. Fedha mlizookoa kwenye mkanda wa meza zitieni hapa. Na ndiyo maana nasisitiza mkanda wa kupandishia ulishe kinu bila kukatika: kinu kikila kwa vipindi, chumvi inatoka kwa mafungu, na iodini inapishana tena hata mnyunyizo uwe mzuri namna gani.

Mkanda huu mfupi uwe mweupe au wa buluu, wa daraja la chakula. Mimi ningechukua buluu. Kipande kikimeguka kikaingia kwenye chumvi nyeupe, mama wa mizani atakiona mara moja. Cheupe hakuna atakayekiona ila mteja.

Stima. Mkanda wa mwinuko ukiwa umejaa na umeme ukakatika, uzito unauvuta kurudi. Waulize giaboksi yao inashika yenyewe au inahitaji breki ya kuzuia kurudi nyuma, wajibu kwa maandishi. Lenye hatari zaidi ni umeme unaporudi. Mota ikiwa imeunganishwa kwa swichi ya kawaida ya ukutani, itaanza yenyewe, na mtu yuko chini anaondoa chumvi. Iwekwe swichi ya sumaku, ambayo stima ikikatika inaachia, na haianzi tena mpaka mtu abonyeze kitufe. Na kabla ya kugusa mkanda kwa usafi au matengenezo, swichi kuu inafungwa kwa kufuli, ufunguo anakuwa nao yule anayefanya kazi.

Kama godauni lenu lina stima ya fezi moja, taka kifaa cha inverta. Kinapokea fezi moja na kuilisha mota ya fezi tatu ya ukubwa huo, kinaanza polepole bila kushtua mkanda uliojaa, na mnaweza kurekebisha mwendo ufuatane na kinu. Kisanduku chake kikae ndani ya chumba kikavu, si kwenye fremu. Mota iwe na alama ya IP66 kwenye kibao chake. "Haipitishi maji" ni maneno ya mdomo. IP66 maana yake vumbi haliingii na maji ya mpira wenye nguvu hayaingii. Soma kibao mwenyewe mashine ikifika.

Spea. Kigezo changu ni kwamba kila kinachozunguka kipatikane Malindi mjini au Mombasa dukani, si kwa kuagiza. Beringi za 6204-2RS zinapatikana kila mahali. Nyumba za beringi za ngoma taka aina ya UCP 205 kwa shafti ya milimita 25, ni ya kawaida, ila ziwe za plastiki ngumu zenye beringi ya stenlesi ndani. Mtu akikuletea rola ya kipimo chake mwenyewe ambacho hakuna mwingine anacho, umefunga ndoa naye. Waambie bei ijumuishe rola za akiba, seti moja ya beringi za ngoma, na mkanda mmoja wa ziada. Kiungo cha mkanda kiwe cha kuunganishwa kwa moto, si klipu za chuma, kwa sababu klipu ndizo zinazooza na kukwaruza. Ila mkanda usio na klipu hauingii kwenye fremu kirahisi. Kwa hiyo fremu iwe na upande mmoja unaofunguka, mkanda uchomolewe ubavuni mzima mzima. Mkilisahau hilo, kila kubadilisha mkanda mtamsubiri fundi wa Mombasa na mashine yake ya kuunganishia.

Usafi ni kila jioni: kwangua, kisha maji matamu, mengi, hasa chini ya mkanda na nyuma ya mbavu, kisha acha utembee mtupu mpaka ukauke. Hata 316 inataka maji matamu. Mkimwachia chumvi alale juu yake, zile fedha mmezitupa.

BintiGanda

Ami, nimeleta majibu. Niliwaandikia wote wawili barua moja yenye masharti yaleyale: upana sentimita 40, urefu mita 7, mota 0.75 ya IP66 na inverta, 316 panapogusa chumvi, miguu ya zinki ya moto, rola za plastiki zenye 2RS, fremu ya kufunguka ubavuni, kinga na kamba ya dharura, spea ulizotaja, pamoja na ule mkanda mfupi wa buluu wa iodini na skrubu yake. Rola za mteremko tunazitafuta peke yake.

Karakana ya kwanza wamesema hawafanyi kazi ya 316. Niliwashukuru kwa kusema kweli. Ya pili wamerudi na 695,000, gredi imeandikwa kwenye karatasi, cheti wameahidi kukileta pamoja na mali. Wanataka asilimia 60 mbele na zilizobaki tukipokea. Mkutano Jumamosi ulipitisha kwa kura, na hoja iliyowaingia wazee ni ile ya wati 11. Mzee mmoja aliomba nimwandikie hesabu kwenye kikaratasi, akaenda nacho.

Sasa nauliza: siku ya kupokea niangalie nini kabla ya kutoa hizo asilimia 40?

FundiGongoni

Usizitoe zote siku hiyo. Acha asilimia 10 zibaki mpaka mashine ipite mvua za mwaka, wakubaliane kwa maandishi kabla ya malipo ya kwanza.

Siku ya kupokea, linganisha cheti na namba iliyogongwa kwenye chuma. Soma kibao cha mota. Toa rola mbili tofauti, si wanazokupa wao, uone herufi za beringi. Kisha mkanda utembee mtupu kwa muda mrefu, nusu saa hivi, na wewe usimame nyuma uangalie ukingo wake. Ukihamia upande mmoja, usikubali fundi wao akimbilie kukaza skrubu za ngoma. Mkanda huegemea upande wa rola unaougusa kwanza, kwa hiyo warekebishe rola moja moja, waanzie nyuma ya pale unapohama. Ukitulia mtupu, mwage chumvi mbichi yenu wenyewe, tani 2 kwa saa, kinu kikiwa kimewashwa. Zima stima katikati ya kazi uone kama mkanda unarudi nyuma. Washa uone kama unaanza wenyewe. Vuta kamba ya dharura pande zote mbili, mwanzo, katikati na mwisho.

Nijulishe siku yenyewe. Nikiwa Malindi, nitakuja na taa yangu nichungulie chini ya kitanda.